Harufu ya Mbwa na Chakula Anacholishwa

Buseresere, katika Wilaya ya Chato mkoani Geita, ni mji wa biashara unaopakana na Katoro, ndani ya ukanda wa machimbo ya dhahabu na karibu na Ziwa Victoria. Mbwa wa huko hufugwa hasa kwa ulinzi wa nyumba, duka na mifugo, na aghalabu hula kilichobaki: ugali, ukoko, mifupa, dagaa waliovunda na utumbo wa machinjioni. Anaponuka, wengine husema ndivyo alivyoumbwa; wengine huwalaumu dagaa. Kauli zote mbili hupotosha. Harufu kali ni dalili yenye chanzo, na baadhi ya vyanzo hivyo huhusu pia afya ya watu wanaoishi na mbwa huyo.

Harufu hutoka wapi?

Kila mbwa ana harufu ya asili inayotokana na mafuta ya ngozi, nayo ni hafifu. Harufu inayokera hutoka kinywani, masikioni, kwenye ngozi, tumboni au kwenye tezi za mkundu. Chakula hugusa karibu sehemu hizi zote.

Tumboni, protini isiyomeng'enywa vizuri hufika utumbo mpana na kuozeshwa na bakteria. Salfa iliyomo hugeuka kuwa haidrojeni salfaidi, gesi inayonuka kama yai viza. Maharage nayo yana sukari ambazo mbwa hana kimeng'enya cha kuzivunja, hivyo humjaza gesi. Mbwa wazima wengi pia hawamudu sukari ya maziwa.

Ngozi huathirika polepole zaidi. Mbwa anayelishwa ugali mtupu hukosa protini na asidi za mafuta zinazohitajika kuilinda. Ngozi hukauka na kutoa magamba, kisha bakteria na fangasi hustawi na kuleta harufu ya mafuta yaliyochacha. Kumwogesha kila siku kwa sabuni ya kufulia huzidi kuikausha.

Je, dagaa ndio wa kulaumiwa?

Harufu kali ya samaki inayotoka nyuma ya mbwa kwa kawaida haitokani na dagaa aliokula. Mbwa ana tezi mbili ndogo kandokando ya mkundu, zenye majimaji yanayonuka hivyo hata kama hajawahi kuonja samaki. Kinyesi kigumu kiasi huzikamua kinapopita. Chakula kinachomharisha mara kwa mara huziacha zikiwa zimejaa, naye huburuza makalio chini na kujilamba.

Dagaa wazuri wana protini na mafuta yenye manufaa kwa ngozi. Waondolewe mchanga, waoshwe na wachemshwe bila chumvi. Waliovunda wasitumike, kwa kuwa mafuta yaliyoharibika huteketeza vitamini E mwilini.

Hatari kwa familia

Harufu mbaya ya kinywa mara nyingi hutokana na ugaga na ugonjwa wa ufizi. Ikifanana na mkojo, figo huenda zimedhoofu. Ikifanana na tunda lililoiva kupita kiasi, huenda ni kisukari. Lakini mbwa anayetokwa na mate mengi, aliyelegea taya au asiyeweza kumeza asidhaniwe tu kuwa amekwamwa na mfupa. Hizo ni dalili za kichaa cha mbwa pia, na virusi vyake huwa katika mate. Mtu yeyote asimtie mkono kinywani. Aliyeng'atwa au kuguswa na mate kwenye kidonda aoshe mahali hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo, kwani dalili zikishaanza, ugonjwa huo karibu daima huua.

Ini na mapafu mabichi ya mbuzi, kondoo au ng'ombe huweza kumwambukiza mbwa tegu mdogo sana. Mayai ya tegu huyo hutoka na kinyesi na kunasa kwenye manyoya. Mtu akiyameza, mifuko ya maji huweza kuota katika ini au mapafu yake, na huenda ikapita miaka kabla ya kugunduliwa. Nyama za ndani zichemshwe kwa angalau dakika 30.

Ushauri

Ugali ulioiva uchanganywe na dagaa au nyama iliyochemshwa, pamoja na boga kidogo. Mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku, isitolewe, kwa kuwa huvunjika vipande vyenye ncha. Vitunguu maji na vitunguu saumu, hata vikidhaniwa kuwa dawa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Chakula kibadilishwe kidogo kidogo kwa siku 7, na maji safi yawepo wakati wote.

Gesi hupungua ndani ya siku chache. Ngozi huhitaji wiki 6 hadi 8. Harufu isipopungua, au ikiambatana na kukonda, vidonda au kutokula, mbwa aonwe na daktari wa mifugo, na chanjo ya kichaa cha mbwa ithibitishwe. Kumfukuza mbwa anayenuka hakuondoi ugonjwa; huuhamishia mtaani, wanakocheza watoto.