KILEO KIDOGO: JE, CHAFAA MWILI?

Katika nchi ya Kakamega busaa si kitu cha juzi. Unga wa mahindi hukandwa na kuachwa uchachuke, hukaangwa motoni, kisha hutiwa maji na kimea cha wimbi. Wazee hukizunguka chungu kimoja na kunywa kwa mirija mirefu. Kwa kuwa ni desturi ya tangu zamani, wengi husema kwamba kunywa kidogo hakudhuru, bali huongeza damu na nguvu. Yafaa neno hili lichunguzwe.

Wasemao hivyo hawako peke yao. Mwaka 1992 mtaalamu Mfaransa, Serge Renaud, aliandika kwamba Wafaransa hula mafuta mengi, na hata hivyo hawafi sana kwa ugonjwa wa moyo. Naye alidhani kwamba sababu ni divai. Hesabu nyingine nyingi zilionyesha kwamba wanywao kiasi huishi zaidi kuliko wasiokunywa kabisa.

Lakini hesabu hizo zilikuwa na kasoro. Miongoni mwa wasiokunywa walitiwa watu walioacha pombe kwa sababu walikwisha kuugua. Basi mgonjwa aliyeacha alilinganishwa na mzima anywaye, na pombe ikapewa sifa isiyo yake. Tena wanywaji wengi wa divai walikuwa watu wenye mali, chakula kizuri na daktari karibu. Kasoro hizo ziliposahihishwa, faida ile ilipungua sana au ikatoweka.

Mwaka 1988 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliitia pombe katika orodha ya vitu viletavyo saratani bila shaka, na Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hakuna kiasi cha pombe kiwezacho kuitwa salama. Kileo cha divai, cha bia na cha busaa ni kimoja. Mwilini hugeuka sumu iitwayo asetaldehaidi, nayo yaweza kuleta saratani ya kinywa, koo, umio, ini, utumbo mpana na matiti. Saratani ya umio huonekana sana magharibi ya Kenya, ingawa sababu zake ni nyingi.

Na hicho "kiasi" hupimwaje? Mililita 100 za divai zina karibu gramu 10 za kileo, na ini huhitaji kama saa moja kuziondoa. Kahawa haiharakishi kazi hiyo. Mwenye glasi aweza kuhesabu, lakini mwenye mrija katika chungu cha watu wote hawezi. Hatari zaidi ni chang'aa ya siri, ambayo pengine hutiwa methanoli. Sumu hiyo hupofusha na kuua. Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi kwa pombe ya namna hiyo.

Basi asiyekunywa asianze kwa kutafuta afya, na anywaye apunguze. Mwenye mimba, mtumiaji wa dawa na dereva wasiguse. Mtu atetemekaye akikosa pombe asiache ghafula, bali aende zahanati kwanza, kwa maana kuacha ghafula kwaweza kumletea kifafa. Na atafutaye nguvu za wimbi azitafute katika uji: humo mna madini ya chuma na ya chokaa, wala hamna kileo.