Tabibu Anajifunza Nini?

Mgonjwa akifika zahanati, mara nyingi hupokelewa na tabibu.  Anayetaka kazi hii humaliza kidato cha 4, akiwa amefaulu Fizikia, Kemia na Bayolojia. Kisha husoma miaka 3, darasani na hospitalini.

Anajifunza kuuliza, kutazama na kugusa.

Mtoto anaharisha. Tabibu huuliza: Ameanza lini? Anakunywa? Amepewa dawa gani? Hutazama macho: yamedidimia? Hufinya ngozi ya tumbo. Ikirudi polepole, mwili umepungukiwa maji.

Mwezi Mei 2015 kipindupindu kiliingia Kagunga, kijiji chetu cha ziwani mpakani na Burundi. Ugonjwa huu huweza kuua kwa saa chache. Maji yaliyopotea lazima yarudishwe upesi.

Basi mama, baba, usingoje kesho. Mpe mtoto maji ya chumvi na sukari ya pakiti huku mkienda zahanati. Mkifika, semeni kweli. Kama alipewa dawa ya miti shamba, msifiche. Tabibu amesoma miaka 3, lakini habari za mtoto unazo wewe.

Maswali ya kujadili:
1. Tabibu hufinya ngozi kwa nini?
2. Utamweleza mambo gani?