Ndege Huyu na Ndege Hii: Kani ya Kuinua na Msukumo katika Bawa Moja

Mwanafunzi wa sarufi hufundishwa mapema kwamba nomino "ndege" ina makao katika ngeli mbili. Husemwa "ndege huyu amepaa" iwapo anayerejelewa ni kiumbe, na "ndege hii imepaa" iwapo kinachorejelewa ni chombo. Kwa kawaida maelezo huishia hapo, kwenye suala la uhai. Hata hivyo, ipo tofauti nyingine baina ya wenye jina hili moja, nayo iliwachukua wavumbuzi karne nyingi kuitambua: hawalitumii bawa kwa namna moja. Makala haya yananuia kuieleza tofauti hiyo, na kuonyesha jinsi wahandisi walivyojaribu baadaye kuifuta.

Chochote kirukacho chahitaji kani mbili: kani ya kuinua, inayokabiliana na uzito, na msukumo, unaokabiliana na ukinzani wa hewa. Bawa huinua kwa kuielekeza hewa chini, na shinikizo la hewa iliyo juu yake huwa dogo kuliko la iliyo chini. Kani hiyo hufuata mraba wa kasi. Kasi ikiongezeka mara 2, kani huongezeka mara 4. Kwa ndege wa manyoya, kani zote mbili hutoka katika kiungo kimoja. Apigapo bawa kwenda chini, sehemu iliyo karibu na mwili humwinua zaidi, ilhali manyoya marefu ya nchani hujipinda na kumsukuma mbele. (Tanga la jahazi nalo lina siri inayokaribiana na hii. Chombo kiendapo joshi, tanga huwa bawa lililosimamishwa wima, na kani ambayo ingeinua ndiyo ikisukumayo chombo.)

Waliotamani kuruka walimwiga kiumbe huyo. Leonardo da Vinci alichora mabawa ya kupigwa kwa misuli ya binadamu, lakini misuli yetu ni dhaifu mno kwa uzito wetu. Ufumbuzi ulitoka kwa Mwingereza George Cayley. Mnamo 1799 alichonga kwenye kisahani cha fedha mchoro wa chombo chenye bawa lisilopigwa, na upande wa pili akazichora kani zinazolikabili bawa hilo. Fikira yake ilikuwa ya kutenganisha: bawa liinue tu, na kusukuma kuachiwe kifaa kingine. Chombo ambacho ndugu wawili, Wilbur na Orville Wright, walikirusha mwaka wa 1903 kilifuata kanuni hiyo, kikiwa na bawa lililotulia na rafadha, yaani pangaboi, za kukisukuma.

Hapa mwanaistilahi ana neno la kusema. Mfasiri akiziita kani zote mbili "nguvu ya ndege", kama ifanyikavyo mara nyingi, hoja ya Cayley haiwezi kusemeka kwa Kiswahili. Huwezi kuvitenganisha vitu viwili vyenye jina moja.

Utengano huo ulileta mafanikio, ila ulikuwa na gharama. Kwa kuwa kani ya kuinua hutegemea kasi, ndege iliyotulia mabawa yake hulazimika kutua ikiwa na mbio kubwa, na huhitaji njia ndefu ya kurukia. Ndipo baadhi ya wahandisi wakauliza: mbona injini isilivumishie bawa upepo, hata chombo kinapokwenda polepole? Mmarekani Willard Custer alilikunja bawa likawa kama mfereji wa paa, akaweka rafadha kwenye ukingo wa nyuma wa mfereji huo ili ivute hewa juu yake. Chombo chake cha kwanza kiliruka mwaka wa 1942. Kiliweza kwenda polepole kwa namna ya kustaajabisha, lakini miundo yake haikuingia katika uzalishaji mkubwa.

Njia iliyozaa matunda zaidi yaweza kuonyeshwa jikoni. Shika kijiko kwa ncha ya mpini kikining'inia, kisha ukisogeze polepole hadi mgongo wake uguse maji yanayotiririka kutoka mferejini. Kijiko hakitasukumwa nje. Kitavutwa ndani, kwa kuwa maji hushikamana na mbinuko na kubadili mwelekeo. Tabia hii huitwa kwa jina la Mromania Henri Coandă. Katika ndege ya Boeing YC-14, iliyopaa mara ya kwanza 1976, injini mbili ziliwekwa juu ya mabawa ili moshi wake utiririke juu ya bawa, ufuate vibawa vya nyuma vilivyoinamishwa, na kutupwa chini. Antonov An-72, iliyoundwa katika Muungano wa Kisovieti na kupaa 1977, ilitumia mbinu iyo hiyo. Injini zake zilizochomoza kama masikio ziliipatia jina la utani la Cheburashka, mhusika wa hadithi za watoto. YC-14 iliishia kwenye majaribio. C-17, iliyopaa mara ya kwanza 1991, huweka injini zake 4 chini ya mabawa na kuinamisha vibawa ndani ya mkondo wa moshi.

Hatari yake ni dhahiri. Katika ndege ya kawaida, injini ikizimika, bawa hubaki likifanya kazi na rubani aweza kunyiririka hadi chini. Pale injini inapolisaidia bawa, kuzimika kwake hupunguza msukumo na kani ya kuinua kwa pamoja, tena upande mmoja tu, na hayo yaweza kutokea chombo kikiwa karibu na ardhi, mahali ambapo hakuna nafasi ya kusahihisha kosa. Kwa maoni ya makala haya, hilo, kuliko ugumu wa hesabu, ndilo linaloeleza kwa nini ndege nyingi za abiria bado zinafuata utengano wa Cayley.

Shirika la NASA lilijaribu kuugawa mzigo huo. Ndege yake ya umeme, X-57, ilibuniwa iwe na rafadha ndogo 12 kwenye ukingo wa mbele wa mabawa kwa ajili ya kupaa na kutua, na nyingine 2 kubwa nchani kwa ajili ya safari. Zile ndogo zingejikunja kazi yao ikiisha, mithili ya manyoya. Mwaka wa 2023 NASA ilitangaza kuufunga mradi huo. X-57 haikuwahi kuruka.