Runinga ya Plasma au ya LCD: Tujue Kabla ya Kununua

Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Mwaka jana nilijionea kuwa kutouliza kungeweza kula karo ya mtu. Hebu keti nikusimulie, kisha tujifunze pamoja.

Kwetu ni Nyamira, upande wa Kiabonyoru. Bonasi ya majani chai ilipotoka, Baba aliapa kuwa Krismasi haitatukuta bila runinga. Ile Great Wall ya inchi 14 ya marehemu Babu, iliyotumia betri ya gari, ilikuwa imegeuka kiota cha kuku. Shule zilipofungwa tukateremka hadi mjini Kisii. Muuzaji mmoja akatuonyesha plasma kuukuu ya inchi 42, pana kama mlango wa zizi, kwa bei ya LCD mpya ya inchi 32. Jamani, Baba macho yalimtoka! Lakini pesa zilizokuwa mfukoni ndizo hizo hizo za karo yangu ya muhula wa kwanza. Nikamwambia kwa adabu, "Baba, tafadhali tungoje siku mbili niulize." Mwalimu wetu wa fizikia anaishi karibu na soko, nikamwendea. Haya ndiyo niliyoyapata.

PLASMA NI NINI?

Kioo cha plasma kina vijumba vidogo mno, maelfu kwa maelfu, vyenye gesi za neoni na zenoni. Umeme ukipita, gesi hutoa miale isiyoonekana kwa macho. Miale hiyo hugonga rangi zilizopakwa ndani ya vijumba, nyekundu, kijani na samawati, nazo zikang'aa. Ni kama tyubu ya taa iliyokatwa vipande vidogo vidogo. Teknolojia hii ilibuniwa mwaka wa 1964 katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani.

LCD NI NINI?

Hapa kioo chenyewe hakitoi mwanga. Nyuma yake kuna taa inayowaka wakati wote. Katikati kuna fuwele za majimaji ambazo umeme huzigeuza, zikaachilia mwanga au zikauzuia, mfano wa vibao vya dirisha unavyovifungua na kuvifunga.

Sasa sikiliza vizuri. Muuzaji akikuambia, "Hii si LCD, hii ni LED," usibabaike. Nyingi zinazoitwa LED ni LCD tu. Tofauti ni kwamba taa ya nyuma si mirija tena, bali ni vitaa vidogo vinavyokula stima kidogo.

UZURI WA KILA MOJA

Tusiionee plasma. Kijumba kikizimwa, mwanga unaobaki ni mdogo sana. Kwa hiyo weusi wake hukaribia weusi wa kweli. Mpira ukipigwa kwa kasi, picha haiachi mkia, na hata aliyeketi pembeni huona rangi sawasawa. Ukitazama mechi ya Shabana usiku, utafurahi.

Ubaya wake ni kwamba picha isiyosonga, kama nembo ya kituo, ikikaa saa nyingi kila siku huacha alama kiooni. Mchana sebule ikiwa na mwanga mwingi, kioo chake humetameta kama maji. Tena ni nzito. LCD ni nyepesi, hung'aa vizuri mchana na haiogopi sana nembo, ila weusi wake huelekea kijivu, na LCD za bei nafuu hufifia ukizitazama kutoka kando.

HESABU YA STIMA

Kibandiko cha nyuma ya ile plasma kilisema wati 300. LCD yenye vitaa vya LED, ya inchi 42 pia, ilisema wati 80. Tuseme mnatazama saa 5 kwa siku, siku 30:

Plasma: 300 x 5 x 30 = 45,000, yaani yuniti 45.
LCD: 80 x 5 x 30 = 12,000, yaani yuniti 12.

Kibandiko hutaja kiwango cha juu, na plasma hupunguza picha ikiwa na giza. Hata hivyo tofauti inafika yuniti 33 kwa mwezi. Chukua risiti ya tokeni nyumbani, uzidishe mwenyewe. Rahisi ni ghali!

MILIMA YETU NA RADI YETU

Hili ndilo lililonishangaza. Gesi ndani ya plasma ina shinikizo dogo kuliko hewa ya nje, na hewa hiyo ndiyo inayokibana kioo kikatulia. Ukipanda mlimani hewa inapungua, kioo kinatetema, runinga inavuma. Plasma nyingi huanza shida hiyo zinapokaribia au kupita mita 2,000. Mji wa Kisii uko kiasi cha mita 1,700, lakini sisi wa Kiabonyoru tuko juu zaidi. Nikakumbuka plasma ya Amu inayovuma kama mzinga wa nyuki. Siku zote tulilaumu spika!

Kuhusu radi, hakuna iliyo salama. Unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda milima yetu, na alasiri ngurumo huanza. Wingu likitanda, chomoa waya wa stima na waya wa antena pia. Kuzima kwa rimoti hakutoshi.

MENGINE YA KUULIZA DUKANI

Kwanza, vipuri. Panasonic, Samsung na LG ziliacha kuunda plasma kati ya mwaka wa 2013 na 2014. Kioo kikifa leo, utapata kingine wapi? Pili, king'amuzi. Kenya ilizima matangazo ya analojia mwaka wa 2015, na runinga nyingi za zamani haziwezi kunasa mfumo wa DVB-T2 bila king'amuzi cha kando. Tatu, omba iwashwe kwa nusu saa, kioo kiwe cheupe chote, utafute alama na madoa. Nne, dai risiti na waranti.

HITIMISHO

Nilimsomea Baba hesabu hii mezani. Alikaa kimya, halafu akasema, "Basi, tuchukue ile ndogo." Tulinunua LCD ya inchi 32. Mama hutania kuwa watangazaji wamekonda, lakini tokeni inafika mwisho wa mwezi, na mimi Januari niliingia darasani siku ya kwanza.

ZOEZI

1. Eleza kwa nini LED nyingi ni LCD.
2. Runinga ya wati 120 ikitazamwa saa 4 kwa siku, itakula yuniti ngapi kwa siku 30?
3. Jirani yako wa mlimani anataka plasma kuukuu. Mwandikie barua ya kumshauri.