Vigae Vilivyovunjika Hupamba Nyumba

Katika Kiswahili neno kigae lina maana mbili: ni kipande cha chungu au sahani iliyovunjika, tena ni kile kinachotandazwa juu ya paa au sakafu. Sanaa ya mozaiki huziunganisha maana hizo. Fundi huchukua vipande vidogo vya mawe, vioo au vyombo, akavipanga juu ya chokaa au saruji mbichi hata vikatoa nakshi au picha. Rangi iliyopakwa ukutani hupauka kwa jua na mvua, lakini rangi ya kigae imechomwa tanuuni, nayo hudumu.

Kazi hii ni ya kale sana. Zaidi ya miaka 5,000 iliyopita watu wa Uruk, katika nchi iitwayo sasa Iraq, walikandamiza ukutani vijiti vya udongo mfano wa misumari, vyenye vichwa vya rangi. Warumi walitengeneza sakafu za mozaiki hata Afrika ya Kaskazini, na nyingi zimehifadhiwa katika makumbusho ya Bardo, Tunis. Huko Yerusalemu (si mtaa ule wa Nairobi ulio jirani ya Jericho, bali mji wenyewe) Kuba ya Mwamba ilipambwa ndani kwa vipande vya kioo na dhahabu, na maandishi yake yataja mwaka 72 wa Hijra, yaani 691 au 692.

Waswahili nao walikuwa na nakshi iliyo ndugu ya hiyo. Kwenye makaburi ya Mambrui, karibu na Malindi, na ya Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, walipachika mabakuli mazima ya kauri ya China. Mengi yameng'olewa na wezi, yakabaki matundu.

Lakini mfano umfaao zaidi mtu wa kipato kidogo uko Barcelona, Hispania. Katika bustani ya Park Güell, iliyojengwa kati ya 1900 na 1914, benchi refu lilifunikwa kwa vigae na sahani zilizovunjika, na uzuri wake huwavuta wageni wa dunia nzima.

Je, mkaaji wa Kaloleni, Maringo au Bahati afanyeje? Vigae si tabu, kwani kila penye ujenzi wa maghorofa mafundi hubakiza vipande. Tabu ni kwamba nyumba si yake. Akipamba sakafu ya kupanga, siku ya kuhama ataiacha. Yafaa basi afanye kazi yake juu ya bamba linalochukulika.

Hutengenezwa fremu ya mbao ya sentimita 30 kwa 30, kina sentimita 3. Bamba lake litakuwa na uzito wa kilo 6 hivi. Vigae hufunikwa kwa gunia kabla ya kupigwa nyundo, visije vikaruka machoni. Mchanga safi sehemu tatu na saruji sehemu moja huchanganywa kwa maji machache na kujazwa katika fremu, na wavu wa waya ukiwa katikati. Vipande hupangwa kwanza chini pakavu, kisha huhamishiwa kimoja kimoja na kusawazishwa kwa ubao. Mikono ivishwe glavu, maana saruji hula ngozi. Na vipande vya kioo visitumiwe mahali watoto wakanyagapo kwa miguu mitupu. Saruji iliyopanda juu ya vigae hupanguswa kwa kitambaa chenye unyevu kabla haijakauka. Bamba hulazwa kivulini chini ya gunia bichi kwa siku saba, ndipo fremu ifunguliwe.