Fizikia ya Gharama: Kwa Nini Gari Zito la Mbio Hula Fedha Kuliko Jepesi

Mtu anayetaka kununua gari la mbio huuliza kwanza bei yake, kisha nguvu za injini yake. Ni nadra kuuliza swali la tatu, ambalo ndilo linaloweza kumfilisi: gari hilo likiendeshwa kwa uwezo wake wote katika uwanja wa mbio, kila saa moja hutafuna kiasi gani cha petroli, mipira na breki? Katika makala haya tutalijibu swali hilo kwa fizikia ya sekondari, bila kuhitaji orodha ya bei ya duka lolote. Bei hubadilika kila mwaka. Kanuni za nishati hazibadiliki.

Uwanja tutakaoutumia kwa mfano ni Nürburgring, nchini Ujerumani. Sehemu yake ya kaskazini, iitwayo Nordschleife, ilifunguliwa mwaka 1927 na ina urefu wa kilomita 20.8. Katika siku zilizotengwa, mwenye leseni na gari linaloruhusiwa barabarani aweza kulipa ada ya mzunguko na kuingia. Ada hiyo haitazami ukubwa wa gari. Kwa hiyo tofauti ya gharama tunayoitafuta haimo langoni, bali imo katika gari lenyewe.

Tuchukue magari mawili ya Kijapani. La kwanza ni Mazda MX-5 ya toleo la mwanzo, lililoanza kuuzwa mwaka 1989: tungamo lake ni karibu kilo 970, na injini yake ya lita 1.6 hutoa kama kilowati 85. La pili ni Nissan GT-R iliyotoka mwaka 2007: kilo 1740 na kilowati 353. Tukiongeza dereva wa kilo 80, tunapata kilo 1050 na kilo 1820.

Tuanze na breki, maana hapo ndipo somo lilipo. Gari linapopunguza mwendo, nishati mwendo yake haipotei. Hugeuzwa kuwa joto na msuguano wa pedi juu ya disiki. Kiasi cha joto hilo ni

E = ½m(v₁² − v₂²)

Chukulia kwamba kabla ya kona fulani Mazda hufikia kilomita 150 kwa saa, na Nissan, kwa sababu ya injini yake, hufikia 210. Yote mawili yapaswa kushuka hadi 80. Mwanafunzi akigeuza mwendo kuwa mita kwa sekunde na kukokotoa, atapata jouli 650,000 hivi kwa Mazda na jouli 2,650,000 hivi kwa Nissan. Gari lisilofika hata uzito mara mbili latoa joto mara nne! Mwalimu akipenda, awaombe wanafunzi wakisie jibu kabla ya kukokotoa. Wengi watasema mara mbili, kwa kuwa wanausahau ule mraba wa mwendo.

Mhandisi atajibu kwamba disiki za Nissan ni kubwa zaidi. Ni kweli. Tuchukulie, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba disiki mbili za mbele za Mazda zina kilo 10 za chuma kwa jumla, na za Nissan kilo 24, na kwamba breki za mbele hupokea asilimia 70 ya joto lote. Ili kupandisha jotoridi la kilo 1 ya chuma cha kalibu kwa digrii 1 ya Selsiasi zahitajika jouli 460 hivi. Kwa kusimamisha mara moja tu, disiki za Mazda zitapanda digrii 99, na za Nissan digrii 168. Ukubwa wa disiki haukutosha kulipia mraba wa mwendo. Na kona hazingojei disiki zipoe: kabla joto la kona moja halijachukuliwa na hewa, nyingine imefika. Hivyo pedi na disiki za gari zito hulika upesi, na kila kipande kinachobadilishwa ni kikubwa na ghali zaidi.

Hapa sina budi kusimulia kisa. Nilipokuwa mwanafunzi wa uzamivu Ujerumani, tulikuwa wanne tuliochanga fedha tukanunua MX-5 kuukuu. Tuliandika kila senti katika daftari: petroli, ada, mipira, pedi. Tulijisifu kwa uchumi wetu. Katika mzunguko wa tatu wa siku moja, nikikaribia kona iitwayo Aremberg, nilikanyaga breki na kanyagio likazama hadi sakafuni bila upinzani wowote. Niliponea kwa kushusha gia na kwa upana wa eneo la kokoto lililoko pale.

Sababu tuliijua jioni, nayo ni ya aibu kwa watu wanne waliosomea sayansi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayana budi kustahimili angalau digrii 230 kabla ya kuchemka. Yakishanyonya maji, kiwango cha chini kinachotakiwa ni digrii 155 tu. Yetu hayakuwa yamebadilishwa kwa miaka. Yalipochemka, mvuke ulijaa katika mabomba, na mvuke, tofauti na kimiminiko, hubonyea. Chupa ya mafuta hayo ilikuwa kitu rahisi kuliko vyote katika daftari letu, nasi tuliiacha ili tuokoe fedha. Dereva anayeteremka Mlima Kitonga kwa gia ndogo analijua jambo hili bila daftari: anaiachia injini sehemu ya kazi ili breki zisibebe joto lote.

Mipira nayo yahitaji hesabu fupi. Katika kona yenye nusu kipenyo cha mita 100, kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa, kani ya kulivuta gari kuelekea kati ni mv²/r, yaani niutoni 6,560 kwa Mazda na 11,375 kwa Nissan. Mipira minne ya Mazda ina upana wa milimita 740 kwa jumla. Ya Nissan, 1,080. Gawanya, nawe utaona kwamba kila milimita ya mpira wa Nissan hubeba niutoni 10.5 dhidi ya 8.9. Hapo tumeyapa magari yote mwendo mmoja. Kwa kweli mwenye Nissan hakulinunua ili aende sawa na Mazda. Na uchakavu wa mpira huongezeka upesi kuliko kani yenyewe.

Petroli haina siri. Lita moja ina nishati ya megajouli 32 hivi, na tuseme injini hutumia vyema asilimia 28 ya hiyo. Kwa nguvu zote, Mazda itakunywa kama lita 34 kwa saa, na Nissan lita 140. Kwa kuwa nusu ya muda dereva yu katika kona au juu ya breki, gawanya kwa mbili.

Kuna mtego mmoja ambao fizikia hauonyeshi. Gari la fahari likizeeka, bei yake ya kununulia hushuka, na kijana mwenye akiba ndogo huliona kama bahati. Lakini disiki zake hazikushuka bei pamoja nalo, wala ½mv² yake. Kwa maoni yangu, anayetaka kujifunza kuendesha uwanjani achague gari jepesi hata kama wenzake watalicheka, na petroli anayookoa ainunulie mizunguko zaidi.

Zoezi: Gari la Kiingereza Lotus Elise, lililotoka mwaka 1996, lilikuwa na tungamo la kilo 725 hivi. Ukiongeza dereva yule yule, likishuka kutoka kilomita 150 hadi 80 kwa saa, joto lake la breki ni asilimia ngapi ya lile la Mazda? Je, ni mwendo gani wa mwanzo ungelifanya litoe joto sawa na Mazda?