Damu kwenye Kinyesi cha Mbwa Mchanga: Usingoje Kesho

Wadogo zangu, leo tuzungumzie kuharisha, tena bila kuoneana haya. Swali linalonifikia mara kwa mara ni hili: "Dada, mbwa wangu ana miezi mitatu, tangu jana anatapika na kuharisha damu, nimpe nini?" Mdogo wangu, usimpe kitu. Mbebe umpeleke kwa daktari wa mifugo leo hii.

Hofu yangu ni parvo. Kirusi hiki kilitambuliwa mwaka 1978, kikaenea duniani kwa kasi ya kutisha, na wanaoumia zaidi ni watoto wa mbwa wa wiki 6 hadi miezi 6. Huanza kwa kukataa chakula na kujilaza pembeni. Kisha hutapika, halafu huharisha maji yenye damu na harufu kali sana. Kirusi hubomoa utando wa utumbo na kupunguza chembe nyeupe za damu, kwa hiyo maji yanamwishia huku vijidudu vikipenya kwenye damu. Wakiwekewa dripu mapema na kupewa dawa ya kuzuia kutapika, wengi hupona. Akiachwa nyumbani, mara nyingi hafiki mwisho wa wiki.

Paka nao wana kirusi chao, ndugu wa parvo, na mtoto wa paka anaweza kufa hata kabla hajaharisha.

Mbwa mkubwa aliyechanjwa, mchangamfu, ambaye ameokota uchafu jalalani, huyo ni habari nyingine. Mpe maji safi kidogo kidogo, wali laini na kuku wa kuchemsha asiye na mifupa, chumvi wala kitunguu. Maziwa ya ng'ombe usimpe. Vuta ngozi ya shingoni uiachie: ikichelewa kurudi, amepungukiwa maji. Mfungue mdomo: ufizi ukinata au ukiwa mweupe, nenda kwa daktari. Weupe huo kwa mbwa mdogo huweza pia kuwa minyoo ya safura inayomnyonya damu.

Na hapa naomba mnisikilize sana: dawa zenu ni zenu. Kidonge kimoja cha paracetamol kinaweza kumuua paka. Diklofenaki huchoma tumbo la mbwa na kuharibu figo zake. Antibiotiki zilizobaki kabatini hazigusi kirusi kabisa.

Kuhusu chanjo, muuzaji akikwambia "huyu keshachanjwa," muulize mara ngapi. Kinga aliyopewa na mama yake huweza kuizima sindano ya mwanzo, ndiyo maana chanjo huanza wiki ya 6 hadi ya 8, ikarudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16. Kabla ya hapo asizurure mtaani wala asichezee kinyesi cha mbwa wengine.

Kama parvo imeshaingia kwako, osha sakafu na vyombo kwa sabuni, kisha tumia dawa ya klorini ya kufulia, sehemu moja kwa 30 za maji, iache dakika 10 ndipo usuuze. Udongo wa uani huwezi kuuosha hivyo, na kirusi huweza kukaa humo hata mwaka. Mtoto mwingine wa mbwa aje akiwa amemaliza chanjo zote.